Muvi inaonyesha picha ila sauti hakuna: majibu ya maswali yenu ya PlayStation na Xbox

Toleo lililopita tuliomba mtutumie maswali kuhusu kucheza video kwenye mashine za gemu na kwa kweli mmeitikia. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua yale ambayo jibu lake litawasaidia na wengine. Kama swali lako halimo pitia tu yote, inawezekana kabisa shida yako ni ileile ya mwenzako wa mji mwingine.

SWALI: Nina PS4 Slim na flashi ya GB 64. Muvi zangu karibu zote ni MKV. Kuna zinazocheza freshi kabisa, na kuna nyingine picha safi ila sauti hakuna hata mlio. Fundi kaniambia HDMI ya mashine imekufa, anataka hela ndefu abadilishe. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Usimpe fundi hata shilingi, tulia kwanza. HDMI ingekuwa imekufa hata gemu lisingetoa sauti, na wewe mwenyewe umesema kuna muvi zinaongea vizuri. Mashine yako ni nzima, tatizo liko ndani ya faili.

Hili jambo nataka kila mtu alielewe maana ukishalielewa maswali mengi yanajijibu yenyewe. MKV, MP4, AVI, hivyo ni vyombo vya kubebea tu. Ni kama hotipoti mbili za rangi moja mezani, kwa nje huwezi jua ipi ina pilau na ipi ina makande mpaka ufunue. Ndani ya faili moja kuna picha iliyobanwa kwa njia yake, kuna sauti iliyobanwa kwa njia nyingine, saa nyingine kuna na maandishi ya tafsiri, na kila kimoja kina kodeki yake, yaani njia yake ya kubanwa na kufunguliwa. Sasa PS4 inaweza kukubali chombo, ikakubali na picha, alafu ikifika kwenye sauti ikakuta kodeki isiyoijua, basi ndo hapo unaona watu wanachezesha midomo kimya kimya.

PS4 ilipotoka Novemba 2013 haikuwa hata na programu ya kucheza faili zako, watu walilalamika sana, Sony wakaleta apu ya Media Player Juni 2015 na ndani yake wakaweka MKV. Ila waliweka na mipaka. Picha lazima iwe ya kodeki ya H.264 isiyozidi levo 4.2, na sauti iwe MP3, AAC au AC-3, hiyo AC-3 ndiyo Dolby Digital ya kawaida. DTS, kodeki nyingine ya sauti, haimo. Na muvi nyingi zilizotolewa kwenye diski za Blu-ray sauti yake ni DTS. Nakuhakikishia asilimia kubwa ya hizo zako zilizo bubu ni DTS, zinazobaki zitakuwa E-AC-3 au Opus, nazo ni kodeki za sauti zisizomo.

Hakikisha mwenyewe. Fungua muvi moja bubu kwenye laptopu kwa VLC, ile programu ya bure ya kucheza video, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, itakuja dirisha yenye habari za kodeki. Shuka mpaka palipoandikwa Audio. Ukiona "DTS Audio" umempata mchawi wako, alafu fungua moja ya zile zinazoongea utakuta "A52 Audio" ambayo ndiyo hiyohiyo AC-3, au MPEG AAC.

Kulitibu sasa. Hapa ndo wengi wanakosea, wanachukua programu ya kubadilisha faili wanalisaga zima, picha na sauti, laptopu inaunguruma masaa mawili na picha inatoka imechoka. Picha yako haina kosa lolote, iache! Badilisha sauti peke yake. Ukiwa na programu ya bure inaitwa ffmpeg unaandika mstari mmoja:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a ac3 -b:a 448k muvi-ps4.mkv

Hapo unaiambia chukua picha ya kwanza, chukua sauti ya kwanza, picha inakili ilivyo usiiguse, sauti igeuze iwe AC-3 ya kilobiti 448 kwa sekunde. Kwa kuwa picha haisagwi upya kazi inaisha kwa dakika chache hata kwenye laptopu ya kawaida, na kama muvi ilikuwa na sauti ya spika tano na besi itabaki hivyohivyo. Saa nyingine faili moja lina sauti mbili, ya kwanza DTS ya pili AC-3, hapo hata kugeuza hugeuzi, unaweka 0:a:1 badala ya 0:a:0 na -c:a copy, umemaliza. Na tafadhali usipeleke muvi ya GB 2 kwenye tovuti za kubadilishia faili, bando lako litaenda mara mbili, kupandisha na kushusha.

SWALI: Tulirekodi ruracio (sherehe ya mahari) ya binti yangu kwa iPhone, siku nzima. Nimeweka video kwa flash nikachomeka kwa PS4 ya vijana ili wazee waione kwa TV kubwa, inakataa yote, inasema haiwezi kucheza. Lakini kipande kimoja nilitumiwa kwa WhatsApp hicho kinacheza, ila ni kama kiko na ukungu. Ni simu iko na shida ama ni PS4? — Mama, Nakuru

JIBU: Hongera sana mama kwa siku ya binti! Simu haina shida na PS4 haina shida, hawajaelewana lugha tu.

Tangu iOS 11 iliyotoka 2017, iPhone nyingi zinarekodi kwa HEVC, wengine wanaiita H.265. Ni kodeki nzuri, inabana sana, Apple wenyewe wanasema dakika moja ya video ya 1080p inachukua kama MB 60 tu wakati kwa H.264 ya zamani ni kama MB 130. Lakini Media Player ya PS4 inajua H.264, HEVC hapana. Juu ya hapo iPhone inahifadhi faili kama MOV na PS4 haina habari na MOV. Kwa hivyo umegonga ukuta mara mbili.

Sasa kwa nini ile ya WhatsApp inacheza? Kwa sababu WhatsApp kabla haijatuma inaisaga video upya na kuitoa ikiwa MP4 yenye H.264 na AAC, ambavyo PS4 inavijua vizuri. Lakini inaisaga ikiibana iwe ndogo ipite haraka, huo ukungu unatoka hapo. Usije ukahifadhi kumbukumbu ya ruracio kwa kopi ya WhatsApp mama, ile ya kwenye simu ndiyo mali, itunze, ikopi pia kwa hadidiski nyingine leo hii kabla simu haijaanguka kwa maji.

Hapa kubadilisha picha hakukwepeki maana picha yenyewe ndiyo haieleweki. Mwambie kijana aweke programu ya HandBrake kwa kompyuta, ni ya bure, aburute video humo, achague ile iliyoandikwa "Fast 1080p30" kisha aanzishe. Itatoka MP4 yenye H.264 na AAC. Siku nzima ya video itachukua muda mrefu, aiache usiku ikifanya kazi. Kama simu ni iPhone 12 kwenda juu kuna na jambo la HDR, yaani kurekodi kwa mwanga na rangi pana zaidi, rangi za kitenge zinaweza kutoka zimepauka baada ya kubadilisha, aangalie kipande kimoja kwanza kabla ya kufanya zote.

Na kwa sherehe ijayo, ingia Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible", na hapo kwa Record Video zima HDR. Simu itarekodi H.264 moja kwa moja. Itakula nafasi zaidi kwa hiyo futa vitu kabla. Faili litakuwa bado MOV, lakini hilo ni dogo, kwa ffmpeg unaandika -c copy na jina jipya la mwisho .mp4 na dakika haiishi.

SWALI: Salaam. Nina PS3 ya zamani, wajukuu bado wanaichezea. Nasikia inaweza kuvuta muvi kutoka kwenye laptopu bila flashi. Je hiyo inakula bando? Manake bando la wiki huwa halifiki hata katikati. Na MKV zitacheza? — Mzee wa Nyamanoro, Mwanza

JIBU: Shikamoo mzee. Nianze na bando maana ndilo linalowatisha wengi: haliliwi hata kidogo. Muvi inatoka kwenye laptopu inapita kwenye ruta inaingia PS3, safari yote iko ndani ya nyumba yako, haitoki nje kwenda intaneti. Hata ukichomoa laini kwenye ruta muvi itaendelea kucheza. Bando utakalotumia ni lile la kushusha programu ya seva, yaani ya kugawa muvi kutoka kwenye laptopu, mara moja, basi.

Programu ninayokushauri ni Universal Media Server, ya bure, ilianza 2012 ikitokana na programu ya zamani iliyoitwa PS3 Media Server, kwa hiyo PS3 inaijua nje ndani. Iweke kwenye laptopu, ionyeshe folda lenye muvi, Windows ikiuliza kuhusu ukuta wa moto ruhusu kwenye mtandao binafsi, hiyo hatua watu wanaibofya bila kusoma alafu wanashinda wanatafuta kwa nini PS3 haioni kitu. Kwenye PS3 ingia Settings, Network Settings, Media Server Connection, weka Enabled. Ukirudi kwenye safu ya Video utaona jina la seva limejitokeza lenyewe, na kama halijatokea kuna "Search for Media Servers" hapohapo.

Kuhusu MKV, PS3 peke yake haiijui kabisa na haijawahi kuijua. Ilipotoka 2006 ilikuwa na MPEG-2 na H.264, mwishoni mwa 2007 wakaongeza DivX na WMV, MKV ikabaki nje mpaka leo. Uzuri wa hiyo seva ni kwamba inaangalia kilichomo, kama picha ni H.264 na sauti ni AC-3 inavitoa kwenye chombo cha MKV na kuviweka kwenye chombo ambacho PS3 inakipokea, palepale muvi ikiwa inacheza, laptopu haihisi hata uzito. Kama ndani kuna kitu ambacho PS3 haikiwezi, mfano HEVC, hapo seva inabidi isage picha yote upya huku mnaangalia, na laptopu ya zamani itachemka na muvi itaanza kukatakata.

Kukatakata kuna sababu nyingine pia, waifai. Waifai ya PS3 ni ile ya kizazi cha zamani, kwenye karatasi ni megabiti 54 kwa sekunde ila kiukweli unapata nusu yake au pungufu, na muvi iliyotolewa Blu-ray bila kubanwa inaweza kufika megabiti 40. Haitoshi. Lakini nyuma ya PS3 kuna tundu la waya wa LAN lenye kasi ya gigabiti. Nunua waya wa mita chache, chomeka PS3 kwenye ruta, na laptopu nayo ukiweza, utashangaa. Mimi naipenda sana hiyo mashine kwa sababu hii, wengi wameiweka stoo wakati bado inaweza kuwa kituo kizima cha burudani sebuleni, inacheza Blu-ray, inacheza na CD za muziki ambazo PS4 na PS5 hazichezi kabisa.

SWALI: Asalaam alaikum. Niko Maskati, nimehama kutoka PS4 nikanunua PS5. Nina kisanduku cha hadidiski kwenye mtandao wa nyumba, kimejaa video za familia, nyingi ni za harusi za Unguja miaka ya tisini zilizotolewa kwenye kanda. PS4 ilikuwa inazicheza. Kwenye PS5 nimetafuta ile Media Player sijaiona, muuza duka kaniambia nisubiri updeti. Nisubiri? — Msomaji, Maskati

JIBU: Waalaikum salaam. Usisubiri ndugu yangu. PS5 ilitoka Novemba 2020 bila hiyo apu ya Media Player, haina ule uwezo wa kuona seva za DLNA (njia ya vifaa vya nyumbani kupeana video kwenye mtandao) uliokuwepo kwenye PS3 na PS4, na miaka imepita wao wameendelea na mambo mengine, spika za Dolby Atmos zilipata nafasi kwenye updeti ya Septemba 2023 lakini hili la faili za watu majumbani limeachwa. Mimi linaniuma, kwa sababu mtu anaponunua mashine mpya anategemea itafanya yote ya ile ya zamani na zaidi.

Njia yako ni Plex, programu ya kugawa video zako ndani ya nyumba. Unaweka seva ya Plex kwenye hicho kisanduku kama kinaikubali, visanduku vingi vinaikubali, au kwenye kompyuta yoyote ndani ya nyumba, alafu kwenye PS5 unashusha apu ya Plex. Kuangalia ndani ya nyumba kwa mtandao uleule ni bure. Walibadilisha utaratibu Aprili 2025, sasa kama unataka kuziangalia video zako ukiwa nje ya nyumba, tuseme mama yuko Unguja anataka kuona harusi iliyoko kwenye kisanduku cha Maskati, hapo kuna malipo.

Kitu cha kuangalia ni hiki. Plex ina njia mbili kubwa za kukufikishia video. Ya kwanza faili linakwenda kama lilivyo, kwenye dashibodi ya seva wanaandika "Direct Play". Ya pili seva inasaga upya, wanaandika "Transcode". Visanduku hivyo vingi vina prosesa dhaifu, kusaga video kubwa ya HEVC vinashindwa. Ila kwako nina matumaini maana video za kanda zikitolewa huwa MPEG-2 ndogondogo, hizo kusagwa ni kazi nyepesi. Zile mpya za simu ndizo uzitayarishe mapema ziwe MP4 yenye H.264 na AAC, kama nilivyomwambia mama wa Nakuru, zitapita bila kusagwa.

Alafu kama ile PS4 hujaiuza usiuze. Iache chini ya TV kwa kazi hii. Na kwa anayesoma hapa ambaye bado hajanunua na anajua nyumbani kwake video ni nyingi kuliko gemu, kwenye hili Xbox iko mbele. Xbox One na hizi Series zina VLC kwenye duka lao, zina Kodi (programu nyingine ya kucheza video) tangu mwisho wa 2017, zina na Plex, zinasoma hadidiski za NTFS. VLC ikifungua haiulizi sana hii ni DTS au ni nini, inacheza.

Ah, na taarab: ukiwa na nyimbo kwenye flashi, MP3, AAC au FLAC, PS5 inazicheza, mradi uziweke ndani ya folda ulilolipa jina Music.

SWALI: Hadidiski ya TB 1 ukichomeka PS4 haioni kitu, flashi inaiona. Nikikopi muvi ya GB 6 kwenda kwenye flashi kompyuta inasema faili ni kubwa mno na flashi ni tupu! — Morogoro

JIBU: Mambo mawili yenye mzizi mmoja. Hadidiski yako iko kwenye NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili, na PS4 haiusomi, PS5 hali kadhalika. Flashi yako iko kwenye FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe tupu. Dawa ya vyote ni mfumo wa exFAT. Kwenye Windows bofya kulia kwenye flashi, Format, chagua exFAT. Inafuta kila kitu, narudia inafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha picha za watoto na vyeti vyako vyote kwanza. PS3 lakini exFAT haiijui, wenye PS3 baki na FAT32 au tumia ile njia ya mzee wa Mwanza ambayo haina habari na ukubwa wa faili.

SWALI: Nina PS4 ile ya kwanza, nimeunganisha kwenye sabufa ya spika tano kwa waya wa optiko. Spika mbili za mbele tu ndo zinaongea, za nyuma zimekufa. Gemu na muvi vyote hivyo. — Arusha

JIBU: Waya wa optiko hauwezi kubeba sauti ghafi, yaani isiyobanwa, ya spika zote, ghafi unabeba ya spika mbili tu. Za spika tano lazima ziwe zimebanwa kwa Dolby au DTS. PS4 yako imewekwa itoe ghafi. Ingia Settings, Sound and Screen, Audio Output Settings, kwenye Primary Output Port chagua optiko alafu weka tiki kwenye Dolby Digital 5.1, rudi nyuma, kwenye Audio Format (Priority) badilisha Linear PCM weka Bitstream (Dolby). Ijaribu na gemu kwanza, gemu nyingi zina sauti ya kuzunguka. Kama muvi yenyewe ni ya AAC ya spika mbili hakuna setingi itakayoleta ya nyuma.

Wenye PS4 Slim na PS5 msitafute tundu la optiko, halipo, wala Xbox Series halipo. Nyie pitisheni sauti kwa HDMI mpaka kwenye TV au kwenye sabufa yenye HDMI. Kuna TV nyingi za zamani ukipitisha HDMI kwao wanatoa spika mbili tu kwenye optiko yao, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua.

SWALI: Anime zangu kwenye PS4 kuna ambazo picha inakuwa maboksi maboksi au zinakataa kabisa, na nikiangalia ni H.264 kama ulivyosema toleo la nyuma. Kwa nini? — Bukavu

JIBU: Zitakuwa za biti 10, yaani rangi zake zimehifadhiwa kwa ngazi nyingi kuliko biti 8 za kawaida. Wanaotengeneza anime za kushirikishana walihamia kwenye H.264 ya biti 10 kuanzia kama 2011 kwa sababu anga na vivuli vinatoka laini zaidi bila mistari. Ila mashine kama PS3 na PS4 zimetengenezewa H.264 ya biti 8. Programu ya MediaInfo, inayoonyesha kilichomo ndani ya faili, itakuambia, tafuta palipoandikwa "Bit depth" au "High 10". Hapo hakuna ujanja wa kukopi, HandBrake isage upya iwe ya biti 8, au tumia Plex kwenye kompyuta yenye nguvu.

SWALI: Nintendo Switch inaweza kucheza muvi za flashi? — Eldoret

JIBU: Hapana. Haina programu ya kucheza faili zako wala haioni seva za nyumbani.

SWALI: Mdogo wangu ni kiziwi, anapenda sana muvi na tunatumia PS4. Nina faili za tafsiri za SRT, nimeweka pembeni ya muvi kwa jina lilelile kama nifanyavyo kwenye VLC, PS4 haionyeshi maandishi. Anakaa na sisi anacheka tukicheka lakini najua hafuati. Nisaidie tafadhali. — Dada, Mombasa

JIBU: Dada, swali lako ndilo limenikaa zaidi kati ya yote na ningependa watengenezaji wa hizi mashine wangelisoma. Media Player ya PS4 haisomi SRT iliyowekwa pembeni. Una njia mbili, chagua kulingana na vifaa ulivyonavyo.

Kama una laptopu inayoweza kukaa imewaka wakati mnaangalia, weka Plex, maana Plex inasoma SRT ukiiweka kwenye folda moja na muvi na kwa jina lilelile, tuseme muvi ni safari.mkv basi maandishi yawe safari.sw.srt kama ni ya Kiswahili au safari.en.srt kama ni ya Kiingereza. Apu ya Plex ipo kwenye PS4. Unachagua maandishi ukiwa ndani ya muvi, unaongeza na ukubwa wake. Inaweza kusaga picha ili ibandike maandishi, hapo nguvu ya laptopu itajulikana.

Kama laptopu ni ya kuazima, njia ya pili ni kuyachoma maandishi ndani ya picha yenyewe moja kwa moja, hayatoki tena, na muvi inacheza popote, PS4, PS3, hata TV ya jirani. Fungua muvi kwenye HandBrake, nenda kwenye Subtitles, ingiza SRT yako, weka tiki kwenye "Burn In". Kabla ya hapo fungua SRT kwa Notepad na uihifadhi upya ukichagua UTF-8, la sivyo herufi zenye alama zitatoka zimeharibika. Muvi ibaki ile ya asili usiifute, tengeneza kopi ya mdogo wako ikae kwenye folda lake.

Tafuta pia SRT zile zilizoandaliwa kwa ajili ya viziwi, mara nyingi jina lake lina herufi SDH. Zile hazitafsiri maneno tu, zinaandika na mlango umegongwa, simu inaita, muziki wa huzuni, nani anayeongea akiwa nje ya picha. Hivyo ndivyo vitu anavyovikosa mkicheka. Na usisage muvi nzima kwa mara ya kwanza, HandBrake inakuruhusu kuchagua kipande, toa dakika tano tu, zicheze kwenye TV, mwambie akae pale anapokaga siku zote akuambie kama anasoma vizuri au uongeze saizi.